Difu inalia? Yajue haya kabla ya kwenda Gerezani kununua nyingine

Dar es Salaam. Huwa inaanza kidogo kidogo. Subaru Impreza ikifika kilomita 60 kwa saa, nyuma inasikika sauti ya kuvuma. Wiki chache baadaye hata redio haiwezi kuifunika. Fundi anasikiliza dakika mbili, kisha anatoa hukumu: "Bosi, difu imekwisha. Twende Gerezani tukachukue nyingine."

Huenda yuko sahihi. Lakini wapo wenye magari wanaonunua difu, wanaifunga, na sauti inabaki palepale kwa sababu kilichokufa kilikuwa beringi ya gurudumu. Wengine wanafunga difu nzima kabisa, ila siyo ya namba ya gari lao, na baadaye wanajikuta wanatengeneza gia boksi. Makosa yote mawili yanaepukika kabla hela haijatoka mfukoni.

Kazi ya difu

Difu ya nyuma inapokea nguvu kutoka kwenye propela na kuigawa kwa magurudumu mawili. Ndani kuna gia ndogo, pinioni, inayozungusha gia kubwa iitwayo krauni. Kati yake kuna gia nyingine zinazoruhusu gurudumu moja lizunguke haraka kuliko jingine. Bila hizo, gari likikata kona pale Fire kuingia Mtaa wa Msimbazi, tairi la nje lenye safari ndefu zaidi lingeburuzwa.

Magari ya kasi kama Impreza WRX na Toyota Altezza RS200 mara nyingi huja na difu ya LSD. Hii inazuia tairi moja kuzunguka bure huku jingine limetulia. Ni nzuri barabarani, lakini ikichakaa gharama yake ni kubwa kuliko ya difu ya kawaida.

Kinachoiua

Sababu ya kwanza ni oili. Wenye magari wengi wanabadilisha oili ya injini kwa wakati, ya difu wanaisahau kwa miaka. Sili ikianza kuvuja, oili inapungua bila taa yoyote kuwaka kwenye dashibodi, na beringi zinaanza kusagana kavu.

Sababu ya pili ni maji. Difu ya gari lililotembea inakuwa ya moto. Likiingia kwenye maji ya mafuriko, kama yale ya Jangwani wakati wa masika, difu inapoa ghafla na inaweza kuvuta maji kupitia tundu lake la kupumulia au sili iliyochoka. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia na haifai kuendelea kutumika.

Kuthibitisha kama ni difu kweli

Jaribio la kwanza linafanyika barabarani, sehemu iliyo wazi na siyo kwenye foleni ya Kariakoo. Gari liende mwendo mmoja, kisha dereva akanyage mafuta na kuachia. Sauti ya difu mara nyingi hubadilika mguu unapokanyaga au kuachia. Isipobadilika kabisa, mashaka yahamie kwenye tairi na beringi za magurudumu.

Beringi ya gurudumu ina tabia yake. Gari likikata kidogo kushoto, uzito unahamia kulia. Sauti ikiongezeka hapo, beringi ya kulia ndiyo inayoshukiwa. Sauti ya tairi nayo hubadilika lami inapobadilika, au tairi za nyuma zikihamishiwa mbele.

Mlio wa "kong" wakati wa kuingiza gia au kuachia klachi ni jambo jingine. Unaweza kutoka kwenye difu, lakini unaweza pia kutoka kwenye krosi za propela au mipira inayoshikilia difu. Vitu hivyo huwa nafuu kuliko difu nzima, kwa hiyo vikaguliwe kwanza.

Kisha fundi afungue oili. Matope laini ya kijivu kwenye sumaku ya nati ya chini ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole siyo kawaida, maana yake meno au beringi zinavunjika. Kabla ya kufungua nati ya chini, ianze kulegezwa ya juu ya kujazia. Kuna watu wamemwaga oili yote halafu nati ya juu ikagoma, gari likalala gereji.

Kuna mafundi wanaopenda kuwasha gari likiwa limenyanyuliwa ili wasikilize difu. Kwa Impreza, magurudumu yote manne lazima yawe hewani juu ya stendi imara. Yakinyanyuliwa ya nyuma peke yake, ya mbele yanaweza kulirusha gari likaangukia watu. Jeki peke yake haitoshi.

Gerezani: namba kwanza, bei baadaye

Ikithibitika kwamba difu imekufa, njia mbili zipo: kuifungua na kubadilisha vya ndani, au kununua nzima ya mtumba.

Kuifungua kunahitaji fundi mwenye vipimo. Nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni huwa kama milimita 0.1 hadi 0.2, na hupimwa kwa geji. Fundi anayepima kwa mkono na sikio tu anaweza kurudisha gari likilia kuliko mwanzo. Ndiyo maana wengi wa mjini huishia kwenye maduka ya spea za mtumba ya Gerezani na mitaa ya jirani Kariakoo.

Hapo ndipo kosa kubwa hutokea. Difu mbili zinaweza kufanana kwa nje lakini uwiano wa meno, ambao mafundi huuita reshio, ukawa tofauti. Kwenye Subaru zipo za 4.444, 4.111, 3.900 na 3.545. Ya 4.444 ina meno 40 ya krauni kwa 9 ya pinioni, ya 4.111 ina 37 kwa 9.

Kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, difu ya nyuma isiyolingana na ya awali inafanya mbele na nyuma vishindane muda wote gari linapotembea. Joto linapanda katikati, kwenye kifaa kinachogawa nguvu ndani ya gia boksi, mpaka kinakufa. Mark X au Altezza zile zinazovuta kwa nyuma tu haziumii hivyo, ila mizunguko ya injini na ulaji wa mafuta hubadilika.

Njia ya uhakika ni kwenda dukani na difu ya zamani. Alama ya chaki ikiwekwa kwenye pinioni, shafti zote mbili za pembeni zizungushwe pamoja mara 10. Pinioni ya 4.444 itazunguka mara 44 na ushee, ya 4.111 mara 41 na kidogo, ya 3.900 mara 39. Ikizungushwa, isikwaruze wala isikwame.

Ukubwa nao uangaliwe. WRX nyingi hutumia difu ya R160, ambayo krauni yake ina kipenyo cha milimita 160, wakati STI nyingi hutumia R180 ya milimita 180. Ya STI inavutia kwa uimara, ila shafti za magurudumu za WRX ya kawaida haziingii bila mabadiliko mengine.

Mnunuzi adai risiti ya EFD na makubaliano ya kurudisha yaandikwe hapohapo. Spea ya bei ya kutupa isiyo na risiti inaweza kuwa imetoka kwenye gari la mtu lililoibwa, na kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai.

Siku ya kufunga

Sili zibadilishwe difu ikiwa bado chini, kwa sababu ikishapanda kazi inakuwa mara mbili. Propela iwekewe alama kabla ya kufunguliwa ili irudi ilipokuwa, isije ikaleta mtetemo.

Oili iwe ya GL-5, kwa kawaida 75W-90. R160 inachukua kama lita 0.8, R180 kama lita moja, mpaka ianze kufikia tundu la kujazia. LSD ya sahani inahitaji oili iliyoandikwa kwamba ni ya LSD.

Baada ya kilomita chache gari likaguliwe chini kama kuna uvujaji, na oili hiyo ya kwanza imwagwe mapema kuona kama inatoka na chuma. Kwa yule ambaye bado anaahirisha: beringi ya pinioni ikikwama gari likiwa mbio, magurudumu ya nyuma yanaweza kufunga ghafla. Gari linalovuma sana lisipelekwe safari ya Morogoro.