Dakika Kumi na Bei Yake

Abiria ameketi dirishani kwenye matatu. Ghafla moyo unamwenda mbio, kifua kinabana, vidole vinaingia ganzi, jasho linamtoka. Ana hakika anakufa. Hofu kali ya namna hii, inayopanda hadi kileleni ndani ya dakika chache, ndiyo shambulio la hofu. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaorodhesha dalili 13, na zikitokea 4 kwa pamoja zinatosha. Kwa kawaida kilele hufika ndani ya dakika 10 hivi, kisha hofu hushuka. Tupige hesabu: dakika hizo zinagharimu kiasi gani?

Tuanze na idadi. Tafiti zilizofanywa katika nchi 25 chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani (WHO), zilizochapishwa kwa pamoja mwaka 2016, zilihoji watu 142,949. Asilimia 13.2 walikuwa wamewahi kushambuliwa walau mara moja maishani. Kwa matatu ya abiria 14, hao ni karibu 2.

Hata hivyo, kushambuliwa si kuugua. Ugonjwa wa hofu ni pale mashambulio yanaporudi bila kutarajiwa, na kwa mwezi mzima au zaidi mtu akaishi akiliogopa lijalo au akabadili mwenendo ili kulikwepa. Kati ya watu 1,000, waliowahi kushambuliwa ni 132. Mashambulio yamewarudia 88. Wenye ugonjwa ni 17. Kwa kila 8 walioshambuliwa, basi, karibu 7 hawafiki huko.

Namba hizi zina mipaka. Kenya na Tanzania hazimo katika nchi hizo 25. Tena zinategemea kumbukumbu: mtu wa miaka 50 anaulizwa yaliyompata akiwa na 20, na aliyeambiwa wakati ule kwamba ni presha au pepo huenda asihesabike. Tuzichukue kama kadirio la ukubwa wa tatizo, si kama sensa.

Gharama ya kwanza hulipwa hospitalini. Utafiti wa mwaka 1996 katika hospitali ya moyo ya Montreal, Kanada, ulichunguza wagonjwa 441 waliofika idara ya dharura wakilalamikia kifua. Waliokuwa na ugonjwa wa hofu walikuwa 108, sawa na robo. Madaktari waliowahudumia hawakuutambua kwa asilimia 98 yao. Lakini asilimia 44 ya wagonjwa hao wa hofu walikuwa pia na historia ya ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kwa hiyo maumivu ya kifua ya mara ya kwanza yapimwe. Pesa hiyo haijapotea.

Inayopotea ni ya safari za kurudia pasipo jibu. Tuchukue bei za mfano, kila msomaji aweke zake: teksi shilingi 1,000, daktari 1,500, kipimo cha umeme wa moyo 2,000, vipimo vya damu 3,000. Jumla 7,500. Safari 3 ni 22,500; ya 4 inafikisha 30,000. Saa 10 za tiba ya mazungumzo kwa 2,500 kila moja ni 25,000. Kwa bei hizi, mizani inageuka kwenye safari ya 4. Bei zikibadilika, nayo itahama.

Kwa nini saa 10? Mwongozo wa afya wa Uingereza unapendekeza saa 7 hadi 14 za tiba inayorekebisha mawazo na mwenendo, ndani ya miezi 4. Muda huo unahesabika. Tatizo ni kuifikia tiba: WHO inasema ni asilimia 27.6 tu ya wanaohitaji matibabu ya maradhi ya wasiwasi duniani wanaopata matibabu yoyote. Kwa kila watu 4, karibu 3 wanabaki nje.

Kuna hesabu moja ambayo abiria wetu anaweza kuifanya palepale kitini. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Hofu huongeza kasi, hewa ya kaboni dayoksaidi hupungua mwilini, na huko hutoka sehemu ya ganzi na kizunguzungu. Kuvuta pumzi kwa sekunde 4 na kuitoa kwa sekunde 6 ni pumzi 6 kwa dakika, yaani 60 kwa dakika 10.

Pumzi hizo haziponyi ugonjwa. Zinampa mtu cha kushika mpaka wimbi lishuke. Akiteremka njiani kila anaposhambuliwa, nafuu anayoipata inamfundisha kwamba matatu ndiyo hatari. Akibaki hadi kituo chake, anajionea mwenyewe kwamba hofu hushuka hata asipokimbia. Aliyekwisha kupimwa moyo akaambiwa ni mzima aanzie hapo: ahesabu pumzi hadi 60, ndipo aamue kama atateremka.