Gari la Zamani na Gari la Kisasa: Kazi Ipi Ufanye Mwenyewe, Ipi Umwachie Fundi

Zamani, mwenye gari wa Likoni, Kisauni au Changamwe alihitaji spana chache, bisibisi na koleo kulitengeneza gari lake chini ya mwembe. Peugeot 504, lililowahi kuunganishwa humu nchini, lilikuwa na kabureta. Injini ikikohoa, mwenyewe aliifungua kabureta, akaisafisha kwa petroli, akapangusa plagi na kuendelea na safari.

Magari yanayoshushwa Kilindini leo ni tofauti. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) haliruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limezidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo karibu yote yanaongozwa na kompyuta. Sensa hupima hewa na joto, nayo kompyuta huamua kiasi cha petroli. Kukiwa na hitilafu, taa ya injini huwaka na sababu husomwa kwa mashine. Kung'oa waya wa betri ili taa izime hufuta taarifa ambayo fundi angeitumia, na ubovu hubaki palepale.

Kazi unazoweza kufanya mwenyewe

• Kagua oili, maji ya rejeta, upepo wa magurudumu na taa kila wiki.

• Safisha vichwa vya betri. Hapa Pwani hewa ya chumvi huleta kutu upesi, na gari linalodhaniwa kuharibika kompyuta huenda lina waya uliolegea au ulioshika kutu tu.

• Badilisha chujio la hewa na vipangusio vya kioo.

• Tumia maji maalum ya rejeta yanayopendekezwa na mtengenezaji. Maji ya visima vingi vya Pwani yana chumvi, nayo hula rejeta na injini za alumini. Injini ikichemka kwenye foleni ya feri, izime na usifungue kifuniko cha rejeta kabla haijapoa.

Kazi za fundi aliyehitimu

• Magari ya haibridi. Baadhi yana betri kubwa ya volti 200 hivi, ilhali betri ya kawaida ni ya volti 12. Usiguse nyaya zake za rangi ya machungwa. Umeme huo unaweza kuua.

• Mifuko ya hewa iliyo kwenye usukani na dashibodi. Ikifyatuka wakati wa matengenezo inaweza kumjeruhi aliye karibu.

• Breki. Katika baadhi ya magari, breki ya mkono ya umeme haifunguki ipasavyo bila mashine. Kosa dogo hapa linaweza kugharimu maisha ya watu kwenye mteremko wa kuingia feri Likoni.

• Oili ya gia otomatiki. Gia za CVT zina oili yake, na ukitia nyingine giaboksi nzima inaweza kuharibika.

Kabla ya kukubali kununua kipuri, mwombe fundi akuonyeshe mashine imesoma nini na amethibitishaje kwamba kipuri hicho ndicho kibovu. Msimbo huonyesha mahali pa kuanzia uchunguzi, na sensa inayolalamikiwa huenda ni nzima.

Ukimwaga oili, usiielekeze kwenye mtaro, kwani mvua huisomba hadi baharini. Ihifadhi kwenye mtungi wenye kifuniko, kisha uipeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu.