Malori Makubwa na Usalama wa Mji wa Isiolo

Isiolo ni mlango wa Kaskazini tangu zamani. Katika siku za ukoloni palikuwa na kizuizi cha barabara mjini hapo, na mtu aliyetaka kwenda Marsabit au Moyale hakupita bila ruhusa, kwa kuwa wilaya za Kaskazini zilikuwa zimefungwa kwa sheria. Siku hizo barabara ilikuwa ya mawe na vumbi, na mwenye lori alijihesabu kuwa na bahati kama alifika Moyale kwa siku mbili au tatu. Mvua iliponyesha, hata juma zima lilipita.

Mambo hayo yamebadilika. Kazi ya kutia lami kutoka Isiolo ilianza mwaka 2007, na kufikia mwaka 2017 lami ilikuwa imefika Moyale, mpakani mwa Ethiopia, mwendo wa kilometa 500 hivi. Safari hiyo sasa humalizika kwa siku moja. Malori yenye trela, ambayo zamani yaliyaogopa mawe ya Kaskazini, leo hupita katikati ya mji wa Isiolo usiku na mchana, yakichukua saruji, unga, mafuta na mifugo.

Neema hiyo ina deni lake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 juu ya uzito wa magari huruhusu gari kubwa kabisa, pamoja na shehena yake, kufikia tani 56. Uzito huo ni kama wa ng'ombe zaidi ya 180, ikiwa kila mmoja ana kilo 300. Nao hupita hatua chache tu kutoka kwa mama auzaye maziwa ya ngamia, kijana wa bodaboda angojaye abiria, na mtoto atokaye shuleni.

Watu wengi hudhani ya kwamba usalama wa lori mjini hutegemea ustadi wa dereva akiwa katikati ya msongamano. Ni kweli ustadi wahitajika. Lakini sehemu kubwa ya jambo hilo huwa imekwisha kuamuliwa kabla dereva hajaiona nyumba ya kwanza ya mji. Lori huingia Isiolo kwa njia mbili kubwa, na kila njia ina hatari yake.

MTEREMKO WA KUSINI

Dereva atokaye Nairobi na Nanyuki hupita Timau, mahali palipo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Isiolo uko kwenye mita 1,100 hivi. Baada ya njia panda inayotenga barabara ya Meru na ile ya Isiolo, gari hushuka kilometa nyingi kutoka kwenye baridi ya mashamba ya ngano mpaka kwenye joto la nyika. Mwisho wa mteremko huo ndio mji wenyewe.

Yafaa kufahamu jinsi breki zinavyofanya kazi. Viatu vya breki husukumwa kwenye ngoma ya chuma, navyo husuguana nayo mpaka gurudumu likapunguza mwendo. Kusuguana huleta joto. Dereva akiweka mguu juu ya breki tangu kileleni mpaka chini, ngoma huwaka moto na kutanuka, viatu havishiki tena, na lori hukimbia kana kwamba halina breki hata moja. Wakati huo kukanyaga kwa nguvu zaidi hakusaidii. Tena breki hizo zingeweza kuwa nzima kabisa saa moja kabla.

Kwa hiyo dereva mwenye busara husimama juu, kabla ya kuanza kushuka. Huzunguka gari lake, hutazama matairi, husikiliza kama upepo wa breki unavuja, na hukagua kiungo kinachoshika trela. Kisha huingiza gea ndogo, ile ambayo angeitumia kama angekuwa akiupanda mlima huo huo, ili injini yenyewe ilizuie gari. Breki huikanyaga kwa vipindi: hukanyaga kwa nguvu ya kutosha mpaka mwendo upungue kilometa kumi hivi kwa saa, kisha huachia ili ngoma zipoe. Gea akiichagua chini, lori likiwa limekwisha kushika kasi, huenda asiweze kuiingiza tena.

Wako wengine ambao hutoa gea kabisa na kuliacha lori liserereke, ili wabakize mafuta kidogo wayauze. Faida ya lita chache hizo ni sawa na ya mtu akataye tawi alilokalia. Lori lililotolewa gea limeachiwa breki peke yake, na breki peke yake hazitoshi.

UNYOOFU WA KASKAZINI

Atokaye Moyale na Marsabit hana mteremko wa namna hiyo karibu na mji. Kutoka Archer's Post barabara ni pana, nyoofu na nyeupe kwa jua. Hatari yake imo machoni mwa dereva mwenyewe. Mtu aliyekwenda kilometa 80 kwa saa kwa muda mrefu huzoea kasi hiyo hata asiihisi. Akipunguza mpaka 60 hudhani anatambaa, naye bado anaipita sheria, kwa maana sheria ya Kenya huweka kilometa 50 kwa saa kuwa kikomo mijini na katika vituo vya biashara.

Hesabu yake si ngumu. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Liendalo 30 hukata mita 8 tu. Tena kasi ikizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama baada ya breki kushika huongezeka mara nne. Katika malori makubwa breki ni za upepo, na upepo huo huhitaji muda kidogo kusafiri ndani ya mipira hadi trela ya nyuma. Katika muda huo mfupi mtoto huweza kutoka ukingo wa barabara mpaka katikati.

Dawa yake ni kutoyaamini macho na kuutazama mshale wa mwendo. Anayejihisi kuchoka na asimame kabla ya mji, anawe uso, atembee, na ikiwa usingizi umemlemea alale. Miraa humfanya mtu akodoe macho, lakini haimwondolei uchovu, na akili iliyochoka huona jambo halafu ikachelewa kulitenda.

NDANI YA MJI

Dereva akiisha kuingia mjini hali gari lake likiwa poa na mwendo wake ni mdogo, kazi iliyobaki ni kuona na kuonekana. Katika Kenya usukani uko kulia. Basi upande wa kushoto wa lori, tangu mlangoni mpaka katikati ya trela, pana mahali ambapo kioo hakionyeshi vizuri. Chini ya pua ya gari, na nyuma ya trela, hapaonekani kabisa. Bodaboda nzima pamoja na abiria wake yaweza kujificha hapo.

Wengine hukumbwa na jambo hili bila kulijua: lori likikata kona, magurudumu ya nyuma ya trela hayafuati njia ya yale ya mbele. Hukata ndani zaidi. Ndiyo maana dereva atakaye kupinda kushoto hupanuka kwanza kuelekea kulia, na mtu wa pikipiki akaona nafasi upande wa kushoto, akajipenyeza. Nafasi hiyo hufungwa na trela. Dereva mwangalifu hutoa ishara mapema, hupinda polepole sana, na hutazama kioo cha kushoto mpaka gurudumu la mwisho limepita.

Kurudi nyuma kusifanywe bila tanboi kushuka na kusimama mahali anapoonekana kiooni. Akipotea kiooni, lori lisimame. Kumwona tanboi akilala kitini wakati dereva anarudi nyuma sokoni ni kuona mshahara ukilipwa bure.

Tangu kituo cha pamoja cha mpakani Moyale kilipozinduliwa mwezi wa Desemba 2020, yafaa kukumbuka jambo jingine. Katika Ethiopia magari huenda upande wa kulia, na usukani uko kushoto. Lori la huko likiingia Kenya, upande ambao dereva haoni vizuri hugeuka kuwa ule wa kulia, tena hawezi kuona mbele akitaka kulipita gari jingine. Wenyeji wa mji na wampe nafasi, na mwenyewe asijaribu kupita.

Na mifugo nayo ni wasafiri wa Isiolo. Honi kali humtawanya ngamia na kuwavuruga mbuzi, badala ya kuwaondoa njiani. Kusimama kwa dakika mbili mpaka mchungaji apitishe kundi ni nafuu kuliko shauri la fidia mbele ya wazee.

WAJIBU WA WENYEJI

Si haki kumtwika dereva mzigo wote. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lenye kontena liliacha barabara likaingia katika magari na wachuuzi waliokuwa kandokando. Watu 52 walikufa. Lori lililoharibika haliwezi kuchagua mahali pa kwenda. Lakini mahali pa kutandaza nyanya huchaguliwa na mwenye nyanya. Ukingo wa barabara kuu si soko, hata kama wateja ni wengi.

Asiyeweza kumwona dereva usoni au kiooni na ajue kwamba dereva pia hamwoni. Mwenye bodaboda asipite kushoto kwa lori lililotoa ishara. Wazazi wawakataze watoto kudandia trela. Na tangi la mafuta likipinduka, watu wakimbie mbali wala wasilete madebe. Msiba wa Sachangwan wa tarehe 31 Januari 2009, ambapo zaidi ya watu 100 waliteketea wakichota mafuta, ulitosha kuwa fundisho kwa nchi nzima.

MWENYE LORI

Yuko mtu mmoja ambaye hayupo barabarani, naye ana sehemu kubwa katika jambo hili. Ni mwenye lori. Akimlipa dereva kwa hesabu ya safari tu, na kumpigia simu kila saa kumwuliza amefika wapi, amemfundisha kukimbia. Akisema breki zitengenezwe safari ijayo, ameukopa usalama wa watu asiowajua. Seti ya viatu vya breki hununuliwa dukani kwa fedha. Mguu wa mtoto haununuliwi.

Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Dereva apunguzaye mwendo kutoka 50 hadi 30 kwa kilometa tatu za mjini huchelewa kwa dakika mbili na nusu tu katika safari ya siku nzima. Katika dakika hizo mji mzima huvuka barabara salama.