Mbegu ya Viazi Vitamu Haikai Ghalani

Ndugu zetu wa vikundi vya Katilu na kandokando ya mto Turkwel, safari hii tuzungumze juu ya viazi vitamu. Mara nyingi kikundi hupanda, huvuna vizuri, halafu mwaka unaofuata shamba ni tupu. Si uvivu. Mahindi na mtama ukivuna, unaweka mbegu mpaka maji yarudi. Lakini mbegu ya kiazi kitamu ni marando, yaani yale mashina yanayotambaa, nayo ni kitu kibichi. Akamu ikikaza, mfereji ukikauka na mbuzi wakaingia, basi marando yamekwisha. Hapo mnachanga pesa za kuleta mengine kutoka Kapenguria au Kitale, na kwa joto letu mengi hufika yamenyauka.

Iko njia iliyojaribiwa Uganda na Tanzania na wataalamu wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi. Badala ya kupigania marando, unaweka viazi vyenyewe ndani ya mchanga. Siku ya kuvuna chagueni viazi vidogo vya mimea yenye afya, visivyokatwa na jembe wala kutobolewa na fukusi. Tafuteni mchanga wa mtoni, uanikeni ukauke kabisa, kisha uachwe upoe. Katika beseni wekeni mchanga, halafu viazi visigusane, halafu mchanga tena, na juu vifunikwe vizuri. Mchanga wenye unyevu utaviozesha, kwa hiyo msiharakishe. Beseni likae ndani, mahali penye baridi kuliko pengine. Huku kwetu jua ni kali, hivyo anzeni na beseni moja mjionee. Kila mwezi fukueni, mtoe vilivyooza.

Majuma sita hadi manane kabla ya mvua au maji ya mfereji, vipandeni vile vilivyochipua katika kitalu kidogo karibu na maji. Mkizungushie ua wa miiba; matawi ya etirae yanafaa sana, angalau yatusaidie kwa jambo moja! Mwagilieni kila baada ya siku tatu au nne. Viazi 40 vyaweza kutoa vipande 1,500 vya kupanda. Kateni kipande cha urefu wa sentimita 30 kutoka ncha ya rando, na sehemu kubwa iingie udongoni kwenye tuta. Udongo ukipasuka, rudishieni juu ya viazi, maana fukusi hupitia kwenye nyufa.

Mkipata nafasi ya kuchagua, tafuteni vile vyenye nyama ya rangi ya machungwa, kama Kabode au Vita. Vina vitamini A, ambayo mtoto akiikosa huanza kutoona vizuri jioni. Gramu 125, yaani kiazi kidogo tu, zinamtosha mtoto mdogo kwa siku. Kazi ya viazi hivi ilimpatia Dakta Robert Mwanga wa Uganda na wenzake Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016.

Majani ni mboga, na mbuzi huyapenda. Lakini angalieni ua: lile la kiazi lina umbo la tarumbeta, na mimea mingi ya ukoo wake inalo hilohilo. Mmoja wao, kichaka chenye maua makubwa ya waridi kinachopandwa kuwa ua wa boma, umedhuru mbuzi huko Sudan na Msumbiji. Mbuzi akizoea kuula hutetemeka na kukonda. Hata viazi vyenu vikishika ukungu au kuoza, msiwape ng'ombe, kwa kuwa sumu yake hushika mapafu na mnyama hufa akihema. Zikeni.

Sasa limebaki jambo gumu, nalo si la kilimo. Beseni hilo ni chakula. Njaa ikiingia, mama ambaye watoto wake wanalia hawezi kulaumiwa akivipika viazi vilivyo chini ya kitanda chake. Kwa hiyo, msimwachie mtu mmoja mzigo huo. Gawanyeni katika nyumba tatu au nne, mwandike katika kitabu cha kikundi nani ana ngapi, na mkubaliane mapema, wakati bado kuna chakula, kwamba nyumba inayoshika mbegu itakuwa ya kwanza kusaidiwa mambo yakiwa mabaya.