Kemikali za ubongo na siri ya kutopotea Lamu

MGENI anayeingia mji wa kale wa Lamu kwa mara ya kwanza aghalabu hupotea. Vichochoro ni vyembamba, na kuta za mawe humfichia jua na bahari. Mwenyeji, hata akiwa mtoto, huingia Mkomani usiku akatokea Langoni bila kuuliza mtu. Nahodha naye hupita Mkanda, ule mkondo ulio baina ya kisiwa cha Manda na bara, akijua fungu lilipo ingawa maji yamelifunika.

Ujuzi huo mtu hazaliwi nao. Huchorwa polepole katika sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, ambayo hata punda anayerejea zizini peke yake anayo. Mwaka 1971 John O'Keefe na mwenzake, wakiwa London, walieleza kwamba baadhi ya seli za hipokampasi ya panya huamka pale tu mnyama anapofika mahali fulani. Kwa utafiti huo O'Keefe alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2014, pamoja na May-Britt na Edvard Moser wa Norway.

Seli hizo huzungumza kwa kemikali, na iliyo kuu ni glutamati. Mtu anaporudia njia ile ile, glutamati hufungua vipokezi maalumu katika seli ya pili, kalsiamu ikaingia, na kiungo baina ya seli hizo mbili kikaimarika. Mwaka 1986 Richard Morris na wenzake waliviziba vipokezi hivyo kwa dawa. Panya wao waliogelea, lakini walishindwa kujifunza mahali palipofichwa jukwaa chini ya maji.

Kemikali nyingine, asetilikolini, humsaidia mtu kuyatia maanani mambo mapya. Katika maradhi ya Alzheimer seli zinazoitoa hufa, na eneo linalopakana na hipokampasi huwa miongoni mwa yanayodhurika mwanzo. Ndipo mzee aliyepita vichochoro hivyo miaka 70 husimama njiapanda asijue nyumba yake i upande gani, na jamaa wakadhani ni uzee tu, au amechezewa na majini.

Dawa kama donepezili huzuia asetilikolini isivunjwe upesi. Haiponyi, ila huweza kupunguza makali kwa muda. Hata hivyo, si kila usahaulifu ni Alzheimer: upungufu wa vitamini B12 na maradhi ya tezi ya shingo pia huuleta, na hayo hutibika mgonjwa akifikishwa hospitalini mapema.