Mvumo wa Stima Uliogeuka Muziki

Chukua koili ndogo ya waya wa shaba, iunganishe na kinasa sauti, vaa vipokea sauti vya masikioni kisha utembee kando ya Barabara ya Uganda hapa Eldoret. Kinasa chako hakitakuletea makanga wala malori ya Malaba. Koili haijali sauti ya hewani. Hunasa uga wa sumaku unaozingira kila kifaa chenye stima. Ipitishe chini ya transfoma, utasikia ngurumo nzito isiyopumua, maana stima yetu hutetema mara 50 kwa sekunde. Isogeze karibu na simu inayotafuta mtandao, itatatarika kama bisi kwenye sufuria. Taa ya dukani ina sauti yake, mashine ya kutolea pesa ina yake, na hakuna aliyezitunga.

Koili hiyo ndiyo iliyonifikisha kwa mwanamuziki KMRU. Jina lake kamili ni Joseph Kamaru, Mnairobi aliyezaliwa 1997. Waliokula chumvi nyingi watashtuka: ni mjukuu na wajina wa yule gwiji wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki Oktoba 2018. Babu alisifika kwa maneno makali yaliyowakera wakubwa. Mjukuu haimbi hata neno. Hunasa ndege, mvua na mitambo, halafu jukwaani anavichanganya kwa tarakilishi hadi vinakuwa wimbi moja refu lisilo na mdundo.

Wengi walimfahamu 2020, Korona ikiwa imewafungia watu majumbani, albamu yake ya Peel ilipotolewa na lebo ya Editions Mego ya Austria. Kibao cha mwisho kinapita dakika 20, na hakina haraka ya kwenda popote.

Alipohamia Berlin kusoma, anasimulia, kilichomshangaza ni kimya. Nairobi hailali: usiku kucha nyaya zinavuma, wadudu wanalia, jirani ana lake. Berlin, giza likiingia, jiji linazimika. Ndipo akaanza kusaka, kwa koili kama ile, kelele zilizojificha ndani ya mitambo. Matokeo yake ni Natur, kipande kimoja cha dakika 52 alichokifinyanga mbele ya hadhira kabla ya lebo ya Touch ya Uingereza kukitoa 2024. Humo maumbile na mitambo havina mpaka. Kwa mtoto wa Nairobi, ndege na waya aliotua juu yake ni sauti za mtaa mmoja.

Muziki wa aina hii husifiwa kwamba unatuliza. Lakini Natur hunguruma na kukwaruza. Mwingereza Brian Eno, aliyetoa Music for Airports mwaka 1978, alitaka muziki ambao msikilizaji anaweza hata kuupuuza akiendelea na shughuli zake. KMRU anadai sikio lako lote. Na kwetu, tiba ya ngoma haikuwahi kuwa ya kunong'ona: kilumi ya Wakamba na mwazindika ya Wataita hupigwa kwa kishindo hadi pepo apande. Naona kijana huyu yuko karibu zaidi na waganga wa ngoma hizo kuliko na Eno.

Kuhusu utulivu huo, watafiti wa Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, walipopitia majaribio 26 yenye wagonjwa 2,051, mwaka 2013, waliona kwamba kusikiliza muziki kabla ya upasuaji kunaweza kupunguza wasiwasi. Je, mvumo wa transfoma ungemtuliza anayesubiri kisu katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, au ungemzidishia hofu? Na mbona msanii wetu asifiwe Ulaya kabla majirani zake hawajamsikia?

Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, na jiji halijengwi kwa lami na riadha pekee. Enyi wenye kumbi, nanyi wakuu wa Chuo Kikuu cha Moi, mwalikeni. Hahitaji bendi wala wacheza densi. Mpeni meza, spika nzuri, na watu walio tayari kuketi saa nzima bila kushika simu.