Uzamiaji katika Ghuba ya Mnazi

Uzamiaji katika Ghuba ya Mnazi ni shughuli ya utalii na michezo inayofanyika ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, katika Mkoa wa Mtwara, kusini-mashariki mwa Tanzania. Wageni hushuka chini ya maji wakiwa na mitungi ya hewa ili kutazama matumbawe, samaki na viumbe wengine wa baharini. Miamba hiyohiyo ndiyo inayowapatia wakazi wa vijiji vya jirani samaki na pweza. Kwa hiyo uzamiaji huu hauwezi kuelezwa bila kueleza pia uvuvi na uhifadhi.

Jiografia

Hifadhi ina eneo la kilomita za mraba 650 hivi, na sehemu kubwa yake ni bahari. Inaanzia karibu na mji wa Mtwara na kuishia kwenye mdomo wa mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji. Ndani yake mna rasi ya Msimbati, visiwa vidogo, misitu ya mikoko na vijiji ambavyo wakazi wake wengi ni Wamakonde. Kijiji cha Msimbati kiko takriban kilomita 40 kwa barabara kutoka Mtwara mjini.

Mkondo wa Ikweta wa Kusini unaovuka Bahari ya Hindi hugonga bara la Afrika karibu na mpaka huo, kisha hugawanyika. Tawi lake moja huelekea kaskazini kupitia pwani ya Tanzania hadi Kenya, likibeba mayai na vichanga vya samaki na matumbawe. Hivyo uzima wa miamba ya Mtwara unaweza kuwa na faida hata kwa wavuvi walio mbali upande wa kaskazini.

Viumbe

Zaidi ya spishi 250 za matumbawe zimeorodheshwa katika eneo hili. Wazamiaji huona pia samaki wa rangi nyingi, taa, majongoo bahari na kasa. Nyangumi wenye nundu hupita kati ya Julai na Novemba wakitoka kwenye bahari baridi za kusini kuja kuzaa.

Majira na hali ya maji

Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hivi, upepo huwa mkali na bahari huchafuka. Maji huwa matulivu zaidi kuanzia Oktoba, kusi inapokwisha na kabla kaskazi haijashika. Mvua kubwa zinaponyesha, Ruvuma huleta matope na kupunguza uwezo wa kuona chini ya maji, hasa upande wa kusini. Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufikia karibu mita 4, na mkondo kwenye mlango wa ghuba huwa na nguvu. Kwa sababu hiyo wazamiaji hupanga safari kwa kufuata saa za maji, kama wafanyavyo wavuvi.

Usalama

Kifaa cha kupumulia chini ya maji kinachotumika leo kilitokana na kile kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau na Émile Gagnan. Kila mita 10 za kina huongeza kanieneo sawa na ile ya hewa yote iliyo juu ya bahari. Mzamiaji akipanda huku amezuia pumzi, hewa iliyomo mapafuni hutanuka na inaweza kuyapasua. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kupumua mfululizo.

Hatari nyingine ni naitrojeni inayoyeyuka katika damu. Mtu akipanda haraka, gesi hiyo hutoka kwa mapovu, kama soda inapofunguliwa, na huweza kusababisha maumivu ya viungo, kupooza au kifo. Wazamiaji hupanda polepole na kusimama dakika 3 kwenye kina cha mita 5. Aliyezamia mara kadhaa hushauriwa kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege.

Uvuvi na uhifadhi

Kwa miaka mingi miamba ya Mtwara iliharibiwa na uvuvi wa baruti, ingawa ulipigwa marufuku na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970. Mlipuko huua samaki wakubwa na wachanga pamoja, na wengi huzama bila kuokotwa. Matumbawe huvunjika kuwa kifusi kinachobingirika na mawimbi, hivyo matumbawe machanga hukosa mahali imara pa kushika. Mwamba ulioharibiwa kwa sekunde chache huweza kuchukua miongo kadhaa kurudi. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda na matumbawe mengi ya Afrika ya Mashariki yakapauka, yakiwemo ya hapa.

Hifadhi ilitangazwa mwaka 2000 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Ilikuwa ya pili nchini baada ya ile ya Kisiwa cha Mafia (1995). Tofauti na hifadhi nyingi za wanyamapori, wakazi hawakuhamishwa: wanaishi na kuvua ndani yake, ila kwa masharti. Nyavu za kukokota na zenye macho madogo haziruhusiwi.

Masharti hayo yana gharama. Mvuvi aliyeacha kokoro hupoteza kitoweo cha leo kwa matumaini ya samaki wa kesho, na wanawake wanaochokoa pweza maji yanapokupwa hutegemea mwamba huohuo. Wageni hulipa ada ya kuingia hifadhini, lakini Mtwara hupokea wazamiaji wachache kuliko Zanzibar au Mafia, hivyo utalii peke yake haujaweza kuchukua nafasi ya uvuvi. Aidha, gesi asilia iliyogunduliwa mwaka 1982 huchimbwa katika rasi ya Msimbati, ndani ya mipaka ya hifadhi.

Mzamiaji anatakiwa asiguse wala kukanyaga matumbawe, asiokote makombe, na mashua yake isitie nanga juu ya mwamba. Pigo moja la mapezi linaweza kuvunja tawi lililokua kwa miaka.

Tazama pia

Mikindani
Mto Ruvuma
Kisiwa cha Mafia
Matumbawe